Kidude cha Ramani na Wifi wa Kiti cha Abiria

Wateja walimwita Mama Vioo, na kila walipomwita hivyo wifi yake alisonya. Karakana ile ya kukata vioo ilikuwa ya baba mkwe. Ilipobaki mikononi mwa wanawe, kaka mtu alikaa mezani akikata, dada yake mkubwa akawa anaendesha pikapu na kwenda kufunga vioo kwenye majumba ya watu. Mama Vioo alikuja baadaye, kwa mlango wa ndoa, mke wa huyo kaka mkataji. Kwa hiyo mteja alipopaza sauti getini kuuliza kama Mama Vioo yupo, wifi mtu alijibu bila kugeuka:

"Mama wa vioo gani? Vioo vilikuwepo kabla yake."

Pengine chuki yao ingeishia kwenye maneno ya getini kama si ile ajali. Siku moja dada mkubwa alikuwa anang'oa kioo cha zamani kwenye fremu, kikapasuka, kipande kikaruka. Jicho likafa. Daktari alimkataza kuendesha gari, na mume wa Mama Vioo, aliyekuwa hajui kuendesha na hataki kujifunza, akachukua funguo za pikapu kwenye msumari wake akampa mkewe. Hakuna aliyemnyang'anya dada mkubwa usukani, ni jicho lililomnyang'anya. Lakini mtu hawezi kulichukia jicho lake mwenyewe, hivyo akamchukia aliyekaa mahali pake.

Na hawakuwa na pa kukimbiana. Hakukuwa na mtu wa kufunga kioo kama wifi. Alikuwa akipitisha kidole kwenye fremu akajua kama imepinda, na akivuta mstari wa silikoni, ile gundi ya kuzibia kingo za kioo, unamnyookea kama uzi. Kwa hiyo kila asubuhi walipanda gari moja, mmoja nyuma ya usukani, mwingine kiti cha abiria, magoti yao yakikaribia kugusana na kila mmoja akijikunja yasigusane.

"Punguza," wifi angesema.

"Nimeshapunguza, wifi."

"Mbona unabana breki hivyo? Hapo mimi nilikuwa napita na gia ya pili, vioo vimelala kama watoto."

Neno lile "wifi", ambalo watu wengine hulitamka kwa utani na mahaba, kwa wawili hao lilitoka kama kokwa linalotemwa.

Kitu kimoja tu kiliwapa nafuu ndani ya gari lile: kidude cha ramani. Kilinaswa kwa mpira kwenye kioo cha mbele, cheusi, kikubwa kama kitabu kidogo cha sala, kikiongea kwa sauti ya mwanamke mtulivu asiyejua kugombana. Wifi alikinunua mwenyewe enzi za usukani wake, na kwa heshima ya enzi hizo alikuwa ananyamaza kilipoongea. "Baada ya mita mia mbili, geuka kulia." Mama Vioo aligeuka kulia, na hakuna aliyesema neno. Mara nyingine walimaliza safari nzima hivyo, wakiongozwa na mtu ambaye hakuwa upande wowote.

Kisha jua likakiua. Mchana mmoja waliliacha gari juani kwenye uwanja wa mteja, na waliporudi skrini ilikuwa imefanya madoa meusi yanayotambaa. Kikakoroma mara moja, kikazimika jumla.

Kesho yake asubuhi wifi alipanda gari na simu mkononi.

"Ramani zote zimo humu," alisema. "Wewe shika usukani, mengine niachie."

Mama Vioo alifikiri simu itaongea. Iliongea, ndiyo, kwa dakika kama mbili. Halafu wifi akaizima sauti. Alisema inamchosha masikio. Akawa anaitazama mwenyewe kwa jicho lake zima, ameishika karibu na pua, na kuyatoa maelekezo kwa kinywa chake.

"Kushoto. Kushoto nimesema! Umepita."

"Umeniambia tulipokwisha kupita, wifi."

"Mwenye masikio angesikia."

Siku ile walizunguka mtaa mmoja mara kadhaa, wakirudi kila mara mbele ya duka lilelile la magodoro, mpaka mwenye duka akawa anawapungia mkono. Mama Vioo aliendesha huku ameuma meno. Aliona wazi kilichofanyika: wifi amerudi kwenye usukani, safari hii kwa mdomo.

Usiku ule, mezani, aliitoa hoja yake.

"Nataka kidude kingine," alimwambia mumewe. "Kama kile. Kile hakitegemei bando, wala mtandao. Mtu akipiga simu hakikatiki. Na kuna vya siku hizi unaviambia gari lina upana gani na urefu gani, vinakupitisha panapopitika. Sisi tunabeba vioo ubavuni, si magunia ya pamba."

"Kwa nini tununue kitu ambacho tayari tunacho?" wifi alidakia. "Simu hii hapa. Ramani bure. Na inaona foleni. Hicho kidude chako foleni kinaijua? Kitakupeleka ukakae kwenye foleni mpaka uote mizizi, kikikusifia kwamba uko njia sahihi."

Mume alikuwa anatafuna. Alikuwa mtu wa kutafuna kwa muda mrefu palipokuwa na neno la kusemwa. Mwisho akameza.

"Nyinyi ndio mnaoendesha. Elewaneni."

"Mimi ndiye ninayeendesha," alisema Mama Vioo.

Wifi aliweka kijiko chini taratibu sana. Chakula kilichobaki kililiwa kila mtu akitazama sahani yake.

Dukani walikwenda mawifi wote wawili, kwa sababu hakuna aliyekuwa tayari kumwacha mwenzake aende peke yake. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, mpole, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Akawatolea kidude kwenye boksi, akakiwasha, akawaonyesha mahali pa kuandika upana wa gari na urefu wake.

"Hiki ramani zake zimo ndani, hata mtandao ukikatika kinaendelea," alisema. "Ila mara kwa mara ramani zinataka kusasishwa. Nyumbani mna wifi?"

"Ninaye," alijibu Mama Vioo. "Huyu hapa. Namtafutia mtu wa kumchukua."

Muuzaji alicheka, akadhani ni utani wa mawifi. Alipomwona aliyetajwa hacheki, akakigeuza kicheko kikawa kikohozi.

"Hebu tuambie ukweli, dada," wifi alisema, akisogea mezani. "Kwa habari ya foleni, kipi kinaona vizuri? Hiki au simu?"

"Kwa foleni, simu inaona mapema zaidi. Siwezi kuwadanganya."

"Umesikia?"

"Na kwa upana wa gari?" aliuliza Mama Vioo.

"Simu haijui kama umepanda baiskeli au lori. Inakuonyesha njia ya gari, basi."

"Umesikia?"

Yule mama akawatazama mmoja baada ya mwingine, akavaa miwani yake kama mtu anayetaka kuhakikisha anachokiona. Akawaambia wanaweza kukichukua wakakijaribu, wakiona hakiwafai wakirudishe, mradi wasikichubue. Alionekana kutaka tu watoke.

Kidude kilikaa kwenye kioo cha mbele siku chache za amani. Kisha kikawapeleka kwenye barabara ambayo haipo tena. Ilikuwepo kwenye ramani, pana na nyoofu, lakini mafundi wa mabomba walikuwa wameichimba kutoka mwanzo hadi mwisho, na mbele ya pikapu lilikuwa handaki lenye maji ya tope. "Endelea mbele," kidude kilisema kwa upole wake. "Endelea mbele."

Wifi alicheka mpaka akajishika mbavu. Angeishia hapo, Mama Vioo angemeza. Lakini alimsimulia mteja waliyekuwa wakimwendea. Akamsimulia fundi seremala wa jirani. Waliporudi karakana akamsimulia kaka yake, akiigiza sauti ya kidude, akikaza shingo: "Endelea mbele! Endelea mbele, Mama Vioo, shimo linakusubiri!" Na mume, aliyekuwa ameinamia kioo na kikataji mkononi, akacheka. Hakucheka sana. Mabega yalitikisika tu. Kisha akasema, bila kuinua uso, kwamba basi labda wakirudishe hicho kidude, simu inatosha.

Mama Vioo alikibandua mwenyewe, akakirudisha kwenye boksi lake. Alilala usiku ule amempa mumewe mgongo. Kicheko cha wifi aliweza kukielewa, adui hucheka. Mabega ya mume ndiyo yaliyomkaa moyoni.

Boksi lilikuwa bado halijarudishwa dukani pale walipopata kazi ya kioo cha kujitazamia, kikubwa kuliko vyote walivyowahi kubeba. Kilikuwa cha kituo cha mazoezi ya viungo, mahali ambapo wagonjwa hujifunza kutembea upya, na kilitakiwa kufunika ukuta mzima ili mtu ajione miguu yake. Ilibidi waitwe wanaume wa karakana za jirani kusaidia kukipandisha. Kilisimamishwa kwenye fremu ya chuma ubavuni mwa pikapu, upande wa abiria, kikafungwa kwa mikanda na kutiwa blanketi kwenye kona. Hata hivyo kilizidi. Kilitokeza nje kidogo mbele na nyuma, na gari zima likaonekana kama limevaa ukuta.

"Polepole," mume alisema. "Hiki hakina cha akiba."

Barabara kuu ilikuwa imefungana. Walisogea kwa hatua, wakisimama, jua likiwachoma kupitia kioo cha mbele pale ambapo kidude kilikuwa kimeacha alama ya duara. Wifi alikuwa ameinamia simu.

"Kuna njia hapa," alisema. "Inapita nyuma ya maghala, inatokea mbele ya foleni yote. Kata kulia."

Mama Vioo akakata kulia. Kilikuwa kichochoro kati ya kuta mbili ndefu, na mwanzoni kilikuwa kipana cha kutosha. Waliachana na kelele za honi. Paka aliyelala katikati ya njia aliinuka akaondoka bila haraka. Halafu kuta zikaanza kukaribiana.

Hapo ndipo Mama Vioo alipokiona. Mbele, upande wa abiria, kwenye kona ya ghala la mwisho, kilitokeza chuma cha geti la zamani. Geti lenyewe lilishaondolewa, kikabaki kipande cha bawaba, kinene kama mkono, kimeelekea njiani kwa kimo cha kifua. Pikapu tupu ingepita. Pikapu yenye fremu ingekikwaruza. Pikapu yenye kioo kile isingepita.

Jicho bovu la wifi lilikuwa upande wa dirisha. Jicho zima lilikuwa kwenye simu.

Mama Vioo akasimamisha gari.

"Niendelee?"

"Umesimamia nini? Endelea."

"Una hakika, wifi?"

"Simu inasema nyoofu."

"Simu imesema, au wewe umesema?"

"Tumesema wote wawili! Wewe si dereva? Endesha!"

Mguu wa Mama Vioo ulikuwa kwenye breki. Angeweza kuuacha pale. Angeweza kunyoosha kidole tu, kusema "tazama kile chuma", wakarudi kinyumenyume mpaka barabarani, wakatukanana kama kawaida, wakafika wamechelewa. Alilifikiria hilo lote. Kisha akafikiria mabega yale yakitikisika, akatia gia.

"Nyoofu," alisema. "Sawa."

Ulisikika mlio mmoja mfupi, kama mtu anayevunja kijiti. Kwa muda wa pumzi moja hakikutokea kitu kingine. Halafu kioo chote kikashuka kwa pamoja kando ya gari, kikimiminika kwenye zege, na kelele yake ikajaa kichochoro kizima kutoka ukuta hadi ukuta. Watu wa maghala wakatoka mbio.

Wifi alikuwa amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Kwa muda hakuishusha. Kwa mara ya kwanza Mama Vioo alikumbuka kwamba mwanamke huyu na kioo kinachopasuka walishakutana kabla.

Mlango wa abiria haukufunguka, ukuta ulikuwa karibu mno. Mama Vioo akashuka upande wake. Wifi akajikokota juu ya gia ili naye ashuke, lakini alipofika kwenye kiti cha dereva hakushuka. Alikaa. Akaweka mikono yake kwenye usukani, ambao hakuwa ameugusa tangu apoteze jicho, akanyoosha mgongo, akatazama mbele kwa muda. Kisha akageuza kichwa chote kuelekea kile chuma, kilichokuwa sasa kimeng'ang'ania kwenye fremu tupu.

"Uliona," alisema.

"Nimefuata maelekezo."

"Uliona, wifi. Kutoka hapa hata mimi nimeona."

Mama Vioo alikuwa anaokota blanketi na kulikung'uta vipande. Alilikung'uta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Nyumbani kesi ilikuwa fupi. Wifi alieleza alichokiona kutoka kiti cha dereva. Mama Vioo akasema aliambiwa nyoofu, na akaambiwa zaidi ya mara moja. Mume aliwasikiliza amesimama, na safari hii hakuwa na kitu cha kutafuna. Baadaye, walipobaki wawili chumbani, alimuuliza mkewe kwa sauti ya chini:

"Niambie mimi. Ni kweli uliona?"

"Siku ya handaki ulicheka," alijibu.

"Hilo si jibu."

"Ndilo ulilonalo."

Alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kama anayetazama kioo kilichokatwa vibaya akitafuta kosa lilianzia wapi. Kisha akazima taa.

Kioo kingine kilikatwa. Wenye kituo walisubiri huku wakinung'unika, na kioo kikapelekwa kwa lori la kukodi lenye dereva wake. Kuhusu pikapu, mume hakuitisha tena mkutano. Asubuhi moja Mama Vioo alikuta kidude kimenaswa kwenye kioo cha mbele, juu kabisa ya ile alama ya duara, upana na urefu wa gari vimeshaandikwa. Mumewe hakumwambia lolote wala hakuulizwa. Naye wifi aliapa mbele ya karakana nzima kwamba makalio yake hayatagusa tena kiti cha gari lile mpaka anaingia kaburini. Akawa anakwenda kwa wateja kwa pikipiki ya kukodi, zana mgongoni, simu mkononi, akimwongoza dereva wa pikipiki kwa kelele zinazosikika mtaa wa pili.

Mama Vioo alikuwa amepata alichokitaka. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Aliweka mkoba wake hapo, na chupa ya maji, na siku nyingine viatu, kwa raha tu ya kuweka. "Baada ya mita mia tatu, geuka kushoto," kidude kilimwambia, naye akageuka kushoto bila mtu kusonya. Mara nyingine kilimpitisha kwenye foleni ndefu, na wifi akapita pembeni juu ya pikipiki, akining'iniza simu ili ionekane, akafika kabla yake. Mama Vioo hakujali. Angekaa kwenye foleni mpaka jua lizame mradi akae peke yake.

Ila kioo kikubwa hakibebwi na mtu mmoja. Walipofika kwa mteja, kila mmoja kwa njia yake, ilibidi wakishike wote wawili, huyu upande huu na yule upande ule, wakitazamana kupitia kioo hichohicho. Na kwa sababu wifi mwenye jicho moja hakuweza kutembea kinyumenyume, aliyetembea kinyumenyume alikuwa Mama Vioo. Akaongozwa na wifi. Hakuna kidude kilichotengenezwa kwa kazi hiyo.

"Nyuma," wifi alikuwa akisema. "Nyuma. Kushoto kidogo. Nyuma."

Ikafika nyumba moja yenye kibaraza cha nyuma kilichokuwa chini kidogo ya sebule. Walikuwa wamebeba kioo cha mlango, kizito.

"Nyuma," wifi alisema. "Nyuma. Nyuma."

Kisha akanyamaza.

Kisigino cha Mama Vioo kikakanyaga hewa. Aliyumba, kioo kikayumba naye, ncha yake ikapenya glavu na kumkata kiganja, na kwa kitambo alining'inia kati ya sebule na kibaraza akiwa ameshikiliwa na kile alichokishika tu. Upande wa pili wa kioo wifi alikuwa amekaza mikono, amesimama imara kama nguzo. Hakukiachia. Hakukivuta pia. Alikuwa anamtazama.

"Ngazi," alisema wifi.

Mama Vioo akapata sakafu kwa ncha ya kiatu. Alipumua.

"Umechelewa kusema."

"Mtandao ulikuwa chini," alijibu wifi. "Haya, nyuma."

Wakakiweka kioo mahali pake. Wifi akavuta mstari wake wa silikoni, mnyoofu bila doa, huku Mama Vioo akishikilia kwa mkono mmoja, ule mwingine ameufunga kitambaa. Mwenye nyumba alikuja kutazama, akafurahi, akasema ni nadra kuona watu wanaofanya kazi kwa utulivu namna ile, bila makelele.

"Tumezoeana," alisema wifi.

Hilo nalo lilipita bila kuzungumzwa. Mume aliuona mkono uliofungwa, akauliza, akaambiwa ni kioo, na kwenye kazi ile jibu hilo linatosha. Hadi leo wanafanya kazi pamoja, pikapu kwa barabara kuu, pikipiki kwa vichochoro. Mama Vioo anapobeba kioo kinyumenyume hutanguliza kisigino na kupapasa sakafu kabla hajaweka uzito, haijalishi ameambiwa nini. Macho yake hayatoki kwenye uso wa wifi yake ng'ambo ya kioo, na jicho moja la wifi halitoki kwake.